Wafuasi wengi, hela hamna: asasi ndogo na mitandao

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wa asasi ndogo ni hili: wafuasi tunao, laiki tunapata, mbona hela haiingii? Na mara nyingi anayeuliza anakuwa ameshajipa jibu, anadhani tatizo ni picha hazivutii au hawajui kutengeneza video za kutrendi au hawajalipia matangazo, kwahiyo anachotaka kwangu ni nimwelekeze apu ya kukata video. Mimi huwa namwomba simu niangalie inboksi yao. Ukurasa nitauangalia baadae, kwanza inboksi. Nikifungua nakuta mtu kaandika "habari, nawezaje kuchangia?" wiki kadhaa zimepita hajajibiwa, chini yake mwingine kauliza hivi mnafanya kazi maeneo gani, kimya, mwingine kasema mimi ni fundi chereheni naweza kuja kujitolea siku za wikiendi, kimya. Alafu ukirudi kwenye ukurasa unakuta posti mpya imewekwa asubuhi hiyo hiyo, "Tunaomba mtuunge mkono kwa hali na mali".

Jamani. Mtu kabisha hodi na hela mkononi hamkumfungulia, sasa mnatoka barabarani na spika kutafuta wengine!

Msimamo wangu ni kwamba kwa asasi, hasa ndogo, posti yenyewe ni sehemu ndogo sana ya kazi. Kazi ipo baada ya posti, kwenye komenti, kwenye inboksi, kwenye kumrudia aliyetoa na kumwambia hela yako ilifanya hiki. Najua haipendezi kusikia kwasababu ni kazi isiyoonekana, hakuna atakayekupongeza kwenye kikao eti wiki hii umejibu meseji 40, watakupongeza kwa wafuasi walioongezeka. Lakini ndo ilivyo.

Tuanze na hizi laiki. Mwaka 2013 UNICEF ya Sweden walichoka wakatoa tangazo la kejeli kabisa, kwamba ukitulaiki Facebook sisi tutachanja watoto sifuri dhidi ya polio. Sifuri. Walikuwa hawana tatizo na laiki kama laiki, walikuwa wanawakumbusha watu kwamba chanjo inanunuliwa kwa hela. Mwaka uliofuata, 2014, watafiti wa Kanada wakachapisha utafiti ambao naupenda kuutaja: walikuwa wanagawa yale maua ya kubandika ya kukumbuka wanajeshi, wengine wakapewa wavae kifuani hadharani, wengine wakapewa ndani ya bahasha, alafu mbele kidogo wote wanaombwa mchango. Waliopewa kwenye bahasha, yaani kimya kimya, ndo walitoa zaidi. Waliovaa hadharani hawakutofautiana sana na wale ambao hawakupewa kitu chochote. Maana yake mtu akishaonekana mwema mbele za watu, ile kiu ya kutenda wema inapungua, anaona keshamaliza zamu yake. Sasa fikiria mtu aliyesheya posti yako na emoji tatu za kulia. Keshajilipa huyo. Sisemi msitafute laiki, nasema msizihesabu kama mapato.

Hapa lazima mtu aniambie, mbona ile ya kumwagiana ndoo za maji ya barafu ilifanikiwa? Ni kweli, Ice Bucket Challenge ya 2014 iliiingizia ALS Association ya Marekani, shirika linalopambana na ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli mpaka mtu anapooza, dola milioni 115 ndani ya kipindi cha kiangazi kimoja, hakuna mtu wa mambo haya asiyeijua. Na tangu hapo kila kikao cha asasi kuna mtu anainua mkono anasema tubuni challenge yetu. Sasa angalia vizuri ilikuwaje. Kwanza haikubuniwa na shirika, ilisukumwa na watu wenyewe, hasa vijana wawili waliokuwa wanaumwa ugonjwa huo, Pete Frates na Pat Quinn, pamoja na marafiki zao na ndugu zao. Pili, na hapa ndo pana mzizi wa jambo lote, kila aliyejimwagia maji alikuwa anataja majina. Wewe fulani, na wewe fulani, na wewe, nawapa masaa 24. Mtu kaitwa kwa jina lake mbele ya watu wanaomjua, na aliyemwita ni rafiki yake. Utakwepaje? Ondoa majina, ubaki na ndoo na maji, unapata video ya kuchekesha tu. Na mwaka uliofuata walijaribu kurudia ile ile, hawakufika hata karibu na zile hela za kwanza.

Kwahiyo cha kuiga pale ni kuombana kwa majina, ndoo iacheni.

Watu wanawapa watu. Asasi huwa inachukua muda sana kukubali hili kwasababu inapenda nembo yake. Mwaka 2020 mzee Tom Moore wa Uingereza, anakaribia kutimiza miaka 100, akaamua kuzunguka bustani ya nyumbani mizunguko 100 na kile kigari chake cha kutembelea, anachangisha kwa ajili ya asasi zinazosaidia wahudumu wa afya, lengo lilikuwa pauni 1,000. Zikapatikana zaidi ya milioni 32. Miaka miwili nyuma yake, 2018, mke na mume wa California walifungua mchango Facebook kwa ajili ya RAICES, shirika la Texas linalotetea wahamiaji kisheria, wanatafuta dola 1,500 za kumwekea dhamana mzazi mmoja aliyetenganishwa na mtoto wake mpakani. Ikavuka dola milioni 20. Ile posti haikuandikwa na idara ya mawasiliano ya shirika lolote, iliandikwa na watu wawili wameumia roho wakaamua kuwaambia marafiki zao.

Sasa usije ukaanza kuota mamilioni, hizo ni bahati za mara moja moja na wala huwezi kuzipanga. Unachoweza kupanga ni kidogo zaidi na kinafanya kazi: tafuta watu ishirini, sio elfu ishirini. Ishirini ambao wanawajua kweli, waliowahi kuja, waliowahi kutoa, waliowahi kujitolea, mwambie kila mmoja awaombe watu kumi wa kwake, kwa jina, inboksi, kwa maneno yake mwenyewe. Usiwape tangazo la kukopi na kupesti!! Kila mtu anajua tangazo la kukopi na kupesti likoje na kila mtu analiruka. Wape picha moja, linki moja, mstari mmoja wa ukweli (hela inanunua nini na lini), alafu muwaache waandike wanavyoongea. Atakayeandika "dada naomba unisaidie hili jambo, mwaka jana mimi nilienda kuona kwa macho yangu" atawazidi nyinyi wote na grafiki zenu. Siku ya kuzaliwa ya mtu ni wakati mzuri sana wa hili, badala ya zawadi anaomba mchango, mbinu hii charity: water, shirika la Marekani la miradi ya maji, waliitumia sana tangu mwanzo na baadae Facebook wakaiwekea kitufe kabisa. Na akishamaliza mumshukuru yeye kwanza, kwa jina kama ameridhia, kabla hamjajishukuru wenyewe.

Njia ya kutoa hela. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Chukua simu yako, ikiwezekana ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka na bando la kuungaunga, ingia kwenye ukurasa wenu kama mtu asiyewajua, ujaribu kuchangia. Hesabu mara ngapi unabonyeza. Posti inasema linki iko kwenye profaili, unaenda kwenye profaili, linki inafungua ukurasa wenye linki nyingine nane, unatafuta ya kuchangia, inakupeleka kwenye tovuti inayoanza na picha kubwa ya mwenyekiti inayochukua nusu dakika kufunguka, alafu fomu, inataka jina la kati, anwani ya posta, namba ya simu mara mbili. Anwani ya posta ya nini? Mtu alikuwa na dakika moja ya huruma, umemaliza sekunde hamsini anajaza fomu. Na ukiwa umefika mwisho angalia jina linalotokea kabla ya kutuma hela. Kama linatokea jina la mtu binafsi, hata awe ni mhasibu wenu mwaminifu namna gani, watu wataishia hapo hapo, na wana haki.

Mfano wa hili upo na unachekesha. Machi 2014 kule Uingereza wanawake walianza kuweka selfi bila vipodozi na kuhusisha na saratani. Cancer Research UK, shirika la utafiti wa saratani, hawakuianzisha, ila walikuwa wanasikiliza, wakaona watu wanawataja, wakatoa haraka neno la kutuma kwa meseji na namba, zikaingia pauni milioni 8 kwa siku sita. Siku sita! Wangesubiri kikao cha bodi wimbi lingekuwa limepita. Sasa kichekesho: neno sahihi lilikuwa BEAT, watu wengine wakatuma DONATE kwenye namba ile ile, hela zikaenda UNICEF, na wengine simu zao ziliwarekebishia neno likawa BEAR, wakajikuta wanajibiwa na WWF, shirika la wanyamapori, kuhusu kumlea dubu wa nchi za baridi. Hawa ni mashirika makubwa yenye wataalamu, na bado neno moja lilihamisha hela. Wewe mwenye asasi ya watu watano jaribu njia yako kabla hujaitangaza, na uendelee kuijaribu kila unapoanza kampeni.

Haya, tuje kwenye kuandika. Nimesema posti ni sehemu ndogo ila sio kwamba iandikwe hovyo. Tuseme asasi inashughulika na viti vya magurudumu. Posti ya kawaida inakuwa hivi: "Katika kuadhimisha siku ya watu wenye ulemavu duniani, asasi yetu inaendelea kutekeleza majukumu yake ya kuwawezesha wenye uhitaji. Tunawaomba wadau mbalimbali mtuunge mkono kwa hali na mali." Chini picha ya watu wamesimama kwenye mstari wameshika bango. Soma tena uniambie wanataka nini. Kiasi gani, cha nini, lini, nikitoa nitajuaje kimefika? Hamna. Ni lugha ya ripoti imepotea njia ikaingia mtandaoni.

Sasa jaribu hivi: "Viti vinne vya magurudumu viko stoo, vizima, vimekosa tairi za mbele tu. Jumla tairi nane. Kuna watu wanne wanavisubiri, mmoja ni mwanafunzi ambaye kaka yake ndo anambeba mgongoni kwenda darasani. Tukizipata kufikia alhamisi fundi anazifunga jumamosi na video mtaiona hapa hapa. Jina litakalotokea ukituma ni la asasi." Picha ni ya kiti kisicho na tairi za mbele kimeegemezwa ukutani. Basi. Hakuna mtu anayelia, hakuna jina la mwanafunzi, sura yake haipo, na bado mtu anamwona yule kaka na mzigo wake. Na tairi zikitimia, hii ndo sehemu ninayoipenda, unaandika "zimetimia, msitume tena kwa ajili ya hili". Utashangaa. Hakuna kitu kinachojenga imani kama asasi inayosema imetosha. Wapo watakaokuuliza, sasa kinachofuata ni nini?

Hiyo ya mtu mmoja badala ya takwimu sio hisia zangu tu. Kuna utafiti wa mwaka 2007 wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, watu walipewa dola tano kila mmoja, wengine wakasomeshwa takwimu za njaa za mamilioni ya watu, wengine wakasomeshwa habari za mtoto mmoja wa Mali aitwaye Rokia. Wa takwimu walitoa wastani wa dola 1.14, wa Rokia dola 2.38. Na waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa 1.43, yaani takwimu zilimpoza Rokia. Kwahiyo zile posti zinazoanza na "zaidi ya asilimia kadhaa ya watu duniani" zinawagharimu. Takwimu ziweke kwenye ripoti, wafadhili wakubwa wanazihitaji.

Lakini ngoja. Hapa ndo penye mtego, na asasi nyingi zinatumbukia zikiwa zinaona kabisa. Ukishajua kwamba sura moja inaleta hela, kesho utaanza kutafuta sura inayolia zaidi. Kuna wanafunzi wa Norway, shirika lao linaitwa SAIH, mwaka 2012 walitoa video ya utani, eti Waafrika wanachangishana mashine za kupasha joto nyumba wawapelekee watu wa Norway wanaoganda na baridi, na wanaimba kwa huruma kabisa. Ilisambaa sana kwasababu kila mtu aliitambua ile staili, ila safari hii imegeuzwa. Ukitaka kujua kama posti yako imevuka mpaka fanya hivyo hivyo, jiweke wewe. Picha hiyo ungeweka ya mama yako? Na maneno hayo hayo?

Kuhusu ruhusa, mtu anayesubiri msaada wako hawezi kukukatalia picha, tuwe wakweli. Akisema "piga tu" huku anaangalia kile kiti cha magurudumu, hiyo ruhusa ina walakini. Mpe kwanza anachopewa, kiwe chake kabisa, alafu umuulize, tena aulize mtu mwingine asiye yule aliyegawa, na umwonyeshe posti yenyewe jinsi itakavyokaa na maneno yake. Mwambie na hili, picha ikishatoka kuirudisha haiwezekani, ukifuta wewe mwingine ana skrinshoti. Kwa watoto mimi sipendi sura kabisa. Na hata ukificha sura, sare yenye nembo ya shule pamoja na lokesheni iliyowashwa inatosha kumpata mtoto huyo ndani ya nusu saa. Mikono inatosha. Daftari linatosha, viatu vinatosha.

Kuna somo la KONY 2012 ambalo naona bado halijaingia vizuri. Ile video ya Invisible Children, shirika la Marekani, ya kutaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA waliopigana vita kaskazini mwa Uganda, akamatwe, ilitoka Machi 2012, ndani ya siku sita ilikuwa imeangaliwa mara milioni 100, wakati ule hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Wakawaambia watu tukutane mitaani usiku wa Aprili 20 tujaze mabango kila mji. Usiku ukafika, sehemu nyingi hawakutokea watu wa maana. Mamilioni waliotazama hawakuwa wanajuana, hawakuwa na pa kuongea, walichopewa ni hasira ya nusu saa na kitufe cha kusheya. Na huku nyuma, video ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu ambao ndo hasa waliteswa na ile vita, wengi walikasirika, wakaona hadithi yao inasimuliwa na mtu mwingine na wao wamekuwa mapambo. Yaani wale waliosimuliwa na wale waliosimulia hawakuwahi kukaa meza moja. Siku nyingine mtu akikuambia tunahitaji video ya kutrendi mkumbushe hii.

Jamii ya mtandaoni inajengwa na vitu vinavyochosha. Kujibu komenti kwa jina. Kumuuliza mtu swali na kusubiri jibu lake kweli. Kumtambulisha fundi kwa wafuasi kwamba ndiye huyu anayefunga tairi. Ukipata aliyekosoa, kwa mfano kauliza mbona posti ya mwezi uliopita hamjatuonyesha matokeo, usimfute! Huyo ni bora kuliko wale mia wanaosema amina, maana anafuatilia. Mjibu hapo hapo mbele ya watu, ukiwa huna jibu sema lini utakuwa nalo, na siku hiyo ikifika rudi. Nimeona kurasa ambazo kila swali la hela linafutwa, wenyewe wanaita kulinda taswira, watu wanapiga skrinshoti na kuzipeleka kwenye magrupu mengine, taswira inalindwa huko.

Grupu la WhatsApp ni zuri ila lina adabu zake. Likiwa la matangazo tu watu wanalinyamazisha, likiwa la wazi bila msimamizi ndani ya wiki limejaa salamu za asubuhi na linki za utapeli. Bora uwe na sheria chache na admini anayeshinda humo. Na zile orodha za kutuma ujumbe kwa wengi kwa mpigo, kumbuka anayeupata ni yule tu aliyesevu namba yenu, wengine wote hauwafikii na wala hutaambiwa. Watu wanalalamika tunatuma hawajibu, hawajibu nini sasa na haukuwafikia.

Mrejesho nimeugusa ila nautaka tena kidogo. Wale charity: water, walioanza 2006, walijijengea jina kwa kuonyesha kila mradi, picha na mahali ulipo kwenye ramani. Hilo wengi wanalijua. Ninalolipenda mimi ni la 2010, walikuwa wanachimba kisima Jamhuri ya Afrika ya Kati huku wanarekodi ili wafuasi waone, maji yakagoma kutoka, na wakaiweka hivyo hivyo, kwamba tumeshindwa. Asasi nyingi zingesema tumepata changamoto za kiufundi. Mtu anayekuambia kashindwa, akija kukuambia kafanikiwa utamwamini. Kwahiyo fundi asipokuja jumamosi, jumamosi hiyo hiyo andika kwamba fundi hakuja, anakuja jumanne. Usisubiri watu waulize. Na mrejesho utume kwanza kwa waliotoa, binafsi, hata ujumbe mfupi wa sauti wa sekunde ishirini, kabla haujauweka ukurasani, wajione walijua kabla ya wengine.

Jambo jingine, ukurasa sio wenu. Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba watazipa kipaumbele posti za ndugu na marafiki, kurasa zikashuka, asasi zilizokuwa zimejenga kila kitu pale zikajikuta zinaongea na ukuta. Itatokea tena, mahali pengine, kwa sababu nyingine, nyinyi hamtaulizwa. Kila anayechangia muombe, kwa hiari yake, namba au baruapepe, iandikwe kwenye daftari au lahajedwali yenu, na ilindwe, sio kila aliyejitolea aweze kuipiga picha na simu yake. Watu wakiona namba zao zimevuja hawarudi.

Na matapeli wapo, ukurasa ukianza kupata jina tu mtu anafungua mwingine unaofanana, picha zile zile, namba yake ya kupokelea hela. Namba zenu ziweke sehemu moja isiyobadilika, posti iliyobandikwa juu, na kila mara mseme hatuna namba nyingine zaidi ya hizi na hatumfuati mtu inboksi kumwomba hela. Tafuteni jina lenu wenyewe kwenye mitandao mara kwa mara, mkiona la bandia ripotini na muwaambie wafuasi nao waripoti.

Mwisho kabisa ni akaunti zenyewe. Asasi kibao ukurasa ulifunguliwa na kijana wa kujitolea kwa namba yake ya simu na baruapepe yake, kijana kapata ajira kahama, nenosiri analijua yeye, au walikosana. Kila ukurasa uwe na admini angalau wawili, baruapepe iwe ya asasi, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe na zile namba za akiba za kuingilia ziandikwe zifungiwe ofisini. Kama nenosiri lenu mpaka sasa liko kwenye kichwa cha mtu mmoja, mpigieni leo, kabla hamjaposti kitu kingine chochote.